Malalamiko: Tumeuziwa maelezo ya blanketi la mistari ambayo hayawezi kutoa matamvua pande zote mbili

Waungwana, assalaam alaykum, na habari za jioni kwa wote. Naandika nikiwa na hasira, lakini nitajitahidi kuyapanga maneno yangu ili atakayetaka kunijibu anijibu kwa hoja na si kwa vijembe. Mimi na akina mama wenzangu hapa Mombasa tulinunua, kupitia kikundi kimoja cha WhatsApp, kifurushi cha kufuma blanketi la mistari kwa kroshia: madonge ya uzi, sindano ya milimita 5, na maelezo yaliyoambatana na picha ya blanketi zuri ajabu, kingo zimenyooka, na matamvua yakining'inia kushoto na kulia, yametokana na uzi ule ule wa safu wala hayakufungwa baadaye. Matamvua hayo ndiyo tuliyoyalipia. Maelezo tuliyopewa, hata yakifuatwa neno kwa neno na fundi wa aina gani, hayawezi kutoa blanketi lililo kwenye picha.

Yanasema ufume safu mbili kwa kila rangi, ugeuze kazi kila ufikapo mwisho wa safu, na uache mkia wa uzi wa sentimita 20 kila unapobadilisha rangi. Haya, tufuatane polepole. Ukianzia kulia, safu ya kwanza inaishia kushoto. Unageuza, na safu ya pili inakurudisha pale pale ulipoanzia. Hapo ndipo unapokata uzi na kuingiza rangi nyingine. Kwa hiyo mikia yote, ya rangi inayoondoka na ya rangi inayoingia, inaangukia upande mmoja tu tangu mwanzo hadi mwisho wa blanketi, na upande wa pili unabaki mtupu. Mtoto wa shule angeligundua hilo kwa kuchora mishale miwili kwenye karatasi. Nashikilia kwamba aliyeyaandika maelezo haya hajawahi kulifuma blanketi hilo hata kipande cha majaribio.

Njia yenyewe inajulikana na wala si siri ya mtu. Kazi haigeuzwi kabisa: kila safu inaanzia upande ule ule, unaacha mkia kabla ya mshono wa kwanza, unafuma hadi mwisho, unakata uzi ukiacha mkia wenye urefu ule ule, kisha unarudi mwanzoni na uzi mpya, hata kama rangi ni ile ile. Kila safu inatoa mkia mmoja huku na mmoja kule. Kila baada ya safu chache mikia iliyo jirani hufungwa fundo, bila kukaza kiasi cha kuivuta kingo ndani, kwa sababu mishono ya mwanzo na ya mwisho hulegea uzi unapoachwa ukining'inia, na watoto wa nyumbani hawaoni uzi unaoning'inia wakauacha. Matamvua yote hukatwa sawa mwishoni, kwa rula, blanketi likiwa limetandazwa juu ya meza. Faida kubwa ni kwamba huna mikia ya kuificha kwa sindano ya kushonea, kazi ambayo kila anayefuma mistari anaichukia.

Tulipouliza, mwenye kikundi alijibu kwamba mikono yetu ni mizito, kisha akatushauri tukate vipande vya uzi na kuvifunga kwenye upande ulio mtupu. Ushauri huo ulinikera kuliko kosa lenyewe. Anawaambia hivyo watu wa Pwani, ambao wamekua wakiona vikoi vikining'inizwa milangoni mwa maduka ya Mtaa wa Biashara, na wanaojua kwamba matamvua ya kikoi ni nyuzi za mtande wenyewe, zile zinazotandazwa kwa urefu wa kitambaa, zilizoachwa bila kufumwa mwishoni na kusokotwa. Vipande vya kufunga baadaye angeweza kutuambia kabla ya kupokea pesa, na wengi wetu tusingelipa.

Kuhusu kingo kunyooka, maelezo yana sentensi moja tu: "Kingo zitajinyoosha zenyewe." Haziwezi. Ukigeuza kazi katika mishono mirefu, kama maelezo yanavyotaka, unapanda kwa vitanzi vitatu, na vitanzi hivyo huhesabiwa kuwa mshono wa kwanza. Basi unauruka mshono ulio chini yake, na ufikapo mwisho wa safu unafuma mshono wa mwisho juu ya vitanzi vya kupandia vya safu iliyotangulia. Asiyeambiwa hatua hii ya mwisho hupoteza mshono mmoja katika kila safu, akidhani amemaliza. Kwa safu 60 amepoteza mishono 60, na blanketi lililoanza pana linazidi kuchongoka kama tanga la dau. Maelezo hayatoi hata idadi ya mishono inayopaswa kubaki mwishoni mwa safu, ili mtu apate kujihesabia. Zaidi ya hayo, yamechanganya majina ya mishono yanayotumika Uingereza na yanayotumika Marekani, ilhali jina ambalo Mwingereza analitumia kwa mshono mfupi, Mmarekani analitumia kwa mshono mrefu.

Kisha kuna uzi wenyewe. Blanketi la safu 160, lenye mkia wa sentimita 20 kila upande wa kila safu, linahitaji mita 64 za matamvua peke yake, yaani karibu thuluthi ya donge la gramu 100 la uzi wa unene wa kawaida. Kifurushi hakikuhesabu hata mita moja ya hizo. Uzi mweupe ulikwisha kabla ya kazi, na donge la kuongezea lilikuwa na namba nyingine ya bechi ya rangi kwenye lebo, yaani halikutiwa rangi pamoja na yale ya kwanza. Mwenye macho anauona mstari uliobadilika kutoka weupe wa maziwa hadi weupe wa karatasi.

Nimemkumbusha muuzaji kwamba Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, pamoja na habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na alichonunua. Jibu lake lilikuwa kuniondoa kwenye kikundi. Sawa, lakini madai hayakuondoka nami: aturudishie pesa za maelezo, na aiondoe picha ile hadi atakapoweza kuonyesha blanketi alilolifuma yeye kwa kufuata maandishi yake mwenyewe.

Nanyi mlionunua kifurushi hicho, tafadhali wekeni hapa picha za blanketi zenu, na zionyeshe pande zote mbili, si ule wenye matamvua peke yake.