Naomba ushauri: sarafu zilizopigwa vibaya kiwandani

Wadau, hamjambo? Nina duka dogo hapa Kondele, Kisumu. Kila jioni makanga huniletea sarafu niwabadilishie kwa noti. Kabla ya kuzifunga kwa karatasi nimezoea kuzikagua, na sasa mkebe wangu wa majani chai una za ajabu tatu.

Inayoninyima usingizi ni ya shilingi 20 ya mwaka 1998, yenye kichwa cha Moi. Ukiishika kichwa kikiwa wima kisha uigeuze kwa upande, nembo ya taifa haisimami. Wale simba wawili na ngao yao wamelala kama walevi! Nimeilinganisha na nyingine kumi za mwaka huo, zote nembo iko sawa.

Ya pili ni ya shilingi moja, ya twiga, 2018. Picha imesogea upande mmoja ikaacha ukingo mtupu kama mwezi mchanga. Ya tatu ni ya shilingi kumi, herufi zake zina kivuli. Hiyo naishuku, huenda muhuri ulitetemeka tu wakati wa kupiga.

Jamaa mmoja alitaka kunipa mia tano kwa zote. Nilikataa, ingawa mke wangu anasema mimi ni mjinga. (Yeye ndiye aliyetaka kuzisugua kwa stilwaya. Niliwahi!)

Naomba wenye uzoefu mniambie: nitatofautishaje kosa la kiwandani na sarafu iliyogongwa kwa nyundo? Nizipime uzito? Na kwetu huku kuna wanaonunua kweli, au niendelee kuuza unga?