Tupeane uzoefu: maua ya machipuko katika bustani zetu za nyumbani, Ayalandi

Mwanzisha mada, Kildare

Ndugu zangu, hamjambo. Asubuhi hii mvua ilipopisha kwa nusu saa, nilikata dafodili za kwanza za mwaka, yale maua ya njano, na kumpelekea jirani yangu, bibi aliyevuka miaka themanini, ambaye ndiye aliyenifundisha kuzipanda. Oktoba ya kwanza niliyoishi hapa aliniletea mfuko wa matunguu yanayofanana kabisa na vitunguu maji, akaniambia niyafukie kina cha mara tatu ya urefu wa tunguu lenyewe, ncha ikitazama juu, kisha niyaache. Mimi niliyezoea kupanda mahindi na kuyaona yameota baada ya juma moja, sikuamini. Kufikia Desemba jua lilikuwa likizama saa kumi na dakika chache tu jioni, ardhi imelowa na kupoa, na hakuna kilichoonekana juu ya udongo. Sikujua kwamba baridi ile ile ndiyo iliyokuwa ikiyaandaa matunguu, kwa kuwa bila majuma kadhaa ya ubaridi mimea hii haichanui ipasavyo. Mapema Februari, karibu na siku ya Mtakatifu Brigid, ambayo kwa mapokeo ya Waayalandi ndiyo mwanzo wa machipuko, ncha za kijani zilikuwa zimetoboa udongo mstari mzima, na Machi nikawa na maua mengi kuliko vyombo vya kuyawekea.

Naomba kila mwenye bustani, hata iwe ya vyungu viwili mlangoni, atueleze ni maua gani yanamkubali, hali ya hewa ya hapa imemfundisha nini, na anayagawa kwa nani.

Mkazi wa Galway

Asante sana kwa mada hii, ndugu. Sisi wa magharibi hatusumbuliwi na baridi kama wengi wanavyodhani, maana bahari ya Atlantiki hutuletea hewa ya vuguvugu na theluji huanguka kwa nadra. Kinachotutesa ni upepo. Tarehe 24 Januari 2025, Dhoruba Éowyn ilipopiga, kituo cha hali ya hewa cha Mace Head katika kaunti yetu kilipima upepo wa kilomita zipatazo 183 kwa saa, kasi ambayo haikuwahi kupimwa nchini kabla ya hapo. Uzio wangu ulilala wote, na mti wa kamelia uliokuwa umejaa matumba ulipasuka katikati. Niliulilia kweli, kwa sababu niliupanda mwaka aliozaliwa binti yangu. Lakini krokasi na dafodili za aina fupi, zisizozidi kimo cha kiganja na nusu, zilichanua majuma machache baadaye bila jani moja kuvunjika. Tangu hapo sipandi tena dafodili ndefu mahali pa wazi. Kamelia imechipua upya kutoka kwenye shina, nami nimeizungushia wavu unaopunguza nguvu za upepo, kwa kuwa ukuta mzima huufanya upepo uruke na kuangukia upande wa pili kwa kishindo.

Mama wa tulipu, Cork

Mimi nimepata hasara ambayo ningependa iwafae wengine. Mwaka wangu wa kwanza nilipanda matunguu sitini ya tulipu mwezi Septemba, katika udongo wa mfinyanzi ulio nyuma ya nyumba, na Aprili yakatoka maua manne. Nilipochimba nilikuta matunguu yamekuwa uji. Nililaumu baridi, kumbe ni maji: mvua ya Cork ikituama kwenye udongo mzito, tunguu hukosa hewa na kuoza. Asili ya tulipu ni milima ya Asia ya Kati, ambako kiangazi ni kikavu na cha joto, kwa hiyo ardhi yetu isiyokauka hata mwezi Julai huiona kama kinamasi.

Sasa hupanda kwenye vyungu vyenye matundu ya kutosha, nikichanganya mboji na kokoto ndogo, kokoto zikiwa theluthi moja ya ujazo wote, na kuviinua vyungu juu ya vipande vya matofali ili maji yapate njia. Tena sipandi kabla ya Novemba, kwa sababu udongo ukishapoa, ule ugonjwa wa ukungu unaounguza majani ya tulipu hupungua nguvu. Faida nyingine ya chungu ni kwamba kinabebeka. Mvua ya mawe ya Aprili huchanachana petali kwa dakika tano, basi nikiona wingu jeusi navisogeza chini ya upenu. Siku ya mawingu tulipu hujifunga, na jua likitokeza hata kwa robo saa hufunguka tena. Siku kama hiyo mimi huacha kazi ya ndani na kutoka kuzitazama.

Dada wa Unguja, Dublin

Assalaam aleikum. Mimi sina ardhi, nina baraza ya ghorofa ya tatu. Ninapanda haisinti kwenye vyungu, nikivaa glavu kwa kuwa matunguu yake huniwasha ngozi, na Machi naingiza chungu kimoja sebuleni. Harufu yake ni nzito na tamu, haifanani na asumini, lakini ndiyo pekee ya huku inayonirudishia kikuba cha mama yangu, kile kishada cha asumini, mkadi na rehani. Jirani yangu wa Kipoland hunigongea mlango kila mwaka kuuliza kama zimekwisha kuchanua.

Mzazi, Limerick

Nina neno fupi. Matunguu ya dafodili yana sumu, na shemeji yangu nusura ayakatie kwenye mchuzi. Yawekwe mbali na jiko na mbali na watoto.

Mtu wa Naivasha, Wexford

Nilifanya kazi miaka sita kwenye mashamba ya waridi kule Naivasha kabla ya kuhamia huku, kwa hiyo naomba niseme kuhusu kukata. Dafodili ya kumpa mtu ikatwe tumba likiwa limeinama kama shingo ya bata, rangi ya njano imeanza kuonekana lakini halijafunguka; litachanua nyumbani kwake. Kwa Kiayalandi ua hili huitwa lus an chromchinn, mmea wa kichwa kilichoinama, na jina hilo linakumbusha dalili yenyewe. Pia msizichanganye papo hapo na tulipu kwenye chombo kimoja, kwa sababu utomvu wake hufupisha maisha ya maua mengine. Ziache peke yake kwenye maji usiku kucha, mwaga maji hayo, ndipo uzichanganye bila kukata tena vikonyo.

Dada wa Dublin, nami nimekumbuka nyumbani kwa maneno yako.

Mwanzisha mada, Kildare

Nawashukuru nyote, mama wa Cork, nitafuata shauri lako la kokoto mwaka huu. Mmoja ameniuliza faraghani kama akate majani ya dafodili maua yakishanyauka. Tafadhali usiyakate wala kuyafunga mafundo, uyaache majuma sita hivi hadi yageuke njano, kwa sababu ndiyo yanayolisha tunguu kwa ajili ya mwaka ujao.

Jambo moja zaidi. Vile viua vyeupe vya Februari, plúiríní sneachta, viua vya theluji, vyangu vimemaliza kuchanua wiki hii, na wakati mzuri wa kuvigawa ndio huu, majani yakiwa bado mabichi, kwa kuwa matunguu yake madogo yakikauka mara nyingi hayashiki. Nimechimbua mafungu matano na kuyafunga kwa gazeti lenye majimaji. Mwenye kupita Kildare kabla ya Jumapili aniandikie, aje na mfuko, na ayapande siku hiyo hiyo penye kivuli chepesi.