Mwenye ukumbi ametugeuka na harusi ni Jumamosi ijayo: tufanyeje?

Katibu wa Kamati (Mwanga, Kigoma)

Ndugu zangu, salaam. Mdogo wangu anafunga ndoa Jumamosi ijayo hapa Kigoma mjini, na jana jioni mwenye ukumbi alimpigia simu mwenyekiti wa kamati yetu kumwarifu kwamba siku hiyo ukumbi umechukuliwa kwa semina, hivyo tufike tukachukue malipo yetu ya awali. Kadi zimekwisha kugawiwa zikiwa na jina la ukumbi huo, mpishi na mpambaji wameshapokea sehemu ya fedha zao, na wageni wa upande wa bibi harusi wanatoka Kasulu, wengine wakija kwa treni kutoka Dar es Salaam. Kumbi nyingine tulizoulizia zimejaa. Baadhi ya wazee wanataka tarehe isogezwe. Wengine wanasema tufanyie nyumbani, ingawa mvua hizi za Machi haziaminiki. Je, fedha tuzichukue tu na kunyamaza?

Mama Mapambo (Gungu)

Pole sana, kaka. Tarehe msiiguse. Kilichovunjika ni mahali pa kulia pilau, si ndoa. Matangazo ya kanisani yamekwisha kusomwa na wageni wamekwisha kukata tiketi.

Fanyieni nyumbani, lakini kagueni uwanja wakati mvua inanyesha, si baada ya kukauka. Miteremko ya Mwanga mnaijua wenyewe: maji ya jirani wa juu yatapita katikati ya meza zenu msipochimba mfereji upande wa juu mapema. Jambo jingine ambalo wengi hulisahau ni pale turubai moja linapokutana na jenzake. Maji hujikusanya hapo, kitambaa kinalegea, kisha yote yanamwagika kwa mkupuo. Pitisheni karatasi ya nailoni chini ya kiungo hicho iwe mchirizi wa kuyatoa maji nje, na meza ya maharusi, keki na vyombo vya muziki viwekwe mbali napo. Mpambaji aambiwe leo, kwa sababu vitambaa alivyopima kwa kuta za ukumbi havitakaa kwenye nguzo za turubai.

Mpenda Haki (Ujiji)

Msikimbilie kuzichukua fedha kabla ya kusoma mtakachosaini. Mkisaini kwamba mmelipwa na hamna dai lolote zaidi, mmejifungia mlango. Andikeni kwamba mnapokea marejesho ya malipo ya awali pekee.

Kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinampa aliyevunjiwa mkataba haki ya kufidiwa hasara iliyotokana moja kwa moja na uvunjaji huo, au ile ambayo pande zote zilijua tangu mwanzo kwamba ingeweza kutokea. Kukodi maturubai na jenereta kwa dharura, au kuchapisha kadi upya, ni hasara ya namna hiyo, ilimradi muwe na risiti. Aibu mbele ya wakwe sidhani kama mtalipwa. Zingatieni pia kwamba sheria huangalia kama mlijitahidi kupunguza hasara, kwa hiyo msikodi vitu vya kifahari mkitegemea kumbebesha yeye gharama. Hata kama makubaliano yalikuwa ya mdomo, bado ni mkataba. Ila mwambieni mwenye ukumbi athibitishe kughairi kwake kwa ujumbe wa maandishi.

Mzee wa Kibirizi

Mama Mapambo amesema vema, lakini asiwatie haraka. Kabla ya kuchimba mifereji, mwenyekiti na mzee mmoja wa heshima waende ana kwa ana kwa mwenye ukumbi. Huenda semina inaisha alasiri, nanyi mnaingia jioni. Ikishindikana, yeye ndiye anayewafahamu wenzake wenye kumbi na awatafutie nafasi.

Katibu wa Kamati

Shikamoo mzee, na ahsanteni nyote. Tulikwenda: semina inalala hapo hapo hadi Jumapili. Ametuma ujumbe wa kukiri, fedha amerejesha, na tumesaini kwa maneno aliyoshauri Mpenda Haki. Tunafanyia nyumbani. Wageni tumewapigia simu mmoja mmoja, maana wazee wengi hawasomi ujumbe.

Mama Mapambo (Gungu)

Vizuri. Siku yenyewe wekeni kijana langoni mwa ukumbi ule tangu mchana, kwa kuwa wapo watakaomwonyesha bodaboda kadi na kupelekwa huko. Na kibali cha sherehe mwombeni mtendaji wa mtaa mapema, kwa sababu Jumamosi ofisi huenda ikawa imefungwa.