MREJESHO: Tenki la lita 130 kwenye pikapu ya petroli

Wakuu, niliuliza kama nitoe tenki la lita 65 nifunge la 130, maana nafuata asali Inyonga na nimechoka kubeba madumu ya petroli nyuma. Limefungwa hapa hapa Tabora mjini, na nimeshakwenda nalo safari mbili.

Kwanza sheli walinichukia. Bomba linakata kila baada ya lita mbili tatu, kijana anabonyeza huku ananiangalia vibaya. Njiani injini ikaanza kukosa nguvu. Nikasimama, nikafungua kifuniko: fyuuu! Tenki linavuta hewa kama mtu aliyezibwa pua. Kulala chini ya gari, mipira yote miwili ya kupumulia imebanwa kati ya tenki na chesisi, imekuwa bapa kama chapati. Fundi kaihamishia juu, matatizo yote mawili yameisha.

Aliyenionya kuwa pampu ya petroli iliyo ndani ya tenki haitafika chini, shikamoo yako naitoa hadharani. Tenki jipya lina kina zaidi, pampu ya zamani ilikuwa inaning'inia juu. Tumeongeza kibano na mpira unaovumilia kuzama kwenye petroli, siyo ule wa kawaida unaovimba.

Geji bado inadanganya. Boya halifiki chini, inasoma sifuri na lita thelathini zimo. Nimeiacha, nahesabu kilomita.

Uzito siyo shida: lita 65 za ziada ni kama kilo 48, pungufu ya abiria mmoja mnene. Madumu nimemrudishia mama watoto.