Laki tatu kila mwezi: tuipeleke wapi ifanye kazi kubwa zaidi?

Tumaini_Moro

Wakuu, habari za jioni. Tuko wafanyakazi wachache wa ofisi moja hapa Morogoro, tumekubaliana kuchanga kila mwisho wa mwezi. Jumla inafika kama laki tatu. Hatutaki kusajili taasisi wala kupiga picha za kukabidhi misaada. Tunachotaka ni pesa hii ndogo imfae mtu kwelikweli.

Mpaka sasa kuna mawazo manne mezani: kununua vyandarua tukagawe Kilombero, vitabu, madaftari na sare kwa shule moja ya kijijini, kumpa taslimu mtu mwenye shida apange mwenyewe, au kutuma kwa shirika la kimataifa lenye mahesabu ya wazi. Kila mmoja anavutia upande wake. Naomba wenye uzoefu mtulinganishie, na msione haya kusema kipi hakifai.

Nesi_Kilombero

Karibu mkuu. Naanza na vyandarua kwa kuwa umetaja kwetu. Huku mjamzito akija kliniki mara ya kwanza anapewa chandarua bure, na mtoto akija chanjo ya surua ya miezi 9 anapewa kingine. Kuna mikoa ambako hata wanafunzi wa msingi wanagawiwa shuleni. Mkinunua vya dukani kwa bei ya rejareja mtapata vichache, vingine havina dawa, na vitaishia kwenye nyumba ambazo nyingi zina njia ya kuvipata tayari. Upungufu upo, sikatai, hasa kwa familia zinazohamia mashambani msimu wa mpunga na kulala vibandani. Ila hilo linataka mtu wa kuwafuata huko huko.

Kwa pesa ndogo mimi huwa natafuta mahali ambapo karibu kila kitu kimeshalipiwa, kimebaki kipande kidogo ambacho mgonjwa hana. Chukueni mfano wa hospitali ya CCBRT pale Dar es Salaam. Upasuaji wa fistula, lile tundu la uzazi mgumu linalomfanya mama avuje mkojo, ulikuwa bure, madaktari wapo, vitanda vipo, lakini wanawake wa mikoani hawakufika kwa sababu hawana nauli. Mwaka 2009 wakaanza kutuma nauli kwa M-Pesa kwa mtu wao wa kijijini waliyemwita balozi, yeye anampandisha mgonjwa basi. Mgonjwa akifika, balozi anapata kifuta jasho chake.

Kipande cha namna hiyo kipo hata ngazi ya chini. Watoto wanaozaliwa na miguu kifundo, nyayo zimepinda kuelekea ndani, wanatibiwa kwa POP, ile plasta ngumu ya kufungia mguu, bila upasuaji mkubwa. Ni njia ya Ponseti: kila wiki mguu unanyooshwa kidogo kwa mkono, unafungwa POP mpya, kwa wiki tano hadi nane hivi, kisha wengi wanakatwa kano ya kisigino kwa upasuaji mdogo tu, halafu wanavaa viatu maalumu vyenye chuma katikati. Mtoto anatembea kama wenzake. Sasa nieleze kinachotokea: mama anakuja wiki ya kwanza, ya pili, halafu kimya. Akirudi baada ya miezi miwili mguu umerudi ulivyokuwa, na POP alishailoweka kwenye ndoo akaibandua mwenyewe kwa kisu kwa sababu ilikuwa inambana mtoto na hakuwa na nauli ya kuileta. Ukimuuliza anaangalia chini. Kutoka vijiji vingine kwenda na kurudi, bodaboda pamoja na gari, ni kama elfu kumi. Wiki sita ni elfu sitini. Laki tatu yenu ni watoto watano.

Kibaha_Oslo

Nesi, heshima kwako. Mimi niko Norwei, nachangia kila mwezi na nimesoma sana mambo haya, kwa hiyo nitetee wazo la nne.

Tangu 2007 kuna GiveWell, kazi yao ni kuchambua mashirika na kuuliza swali moja: shilingi ya mwisho inayoingia inaleta nini? Against Malaria Foundation, shirika la vyandarua, imekaa kwenye orodha yao miaka mingi. Chandarua chenye dawa pamoja na gharama za kukifikisha ni kama dola 5 hadi 6. Laki tatu ni dola mia na ushee, kwa hiyo ni vyandarua karibu 20, kila kimoja watu wawili, kwa muda wa kama miaka mitatu. Wananunua kwa wingi na wanavipeleka kwenye nchi zenye pengo. Tumaini hawezi kushindana na bei hiyo akinunua sokoni Morogoro.

Na niseme kwa heshima: habari ya mama na POP inagusa moyo, lakini nani ameipima? Tukifuata kinachogusa moyo, tutawaacha wale tusiowaona.

Mama_Uvira

Jambo wote. Niunge mkono ya Oslo kwa upande mmoja. Kongo ni ya pili duniani kwa wagonjwa wa malaria, inatanguliwa na Nijeria tu. Kwetu vyandarua vinakuja kwa kampeni, na ikichelewa, vile vya zamani vinabaki matobo matupu, watoto wanalala hivyo hivyo. Mtu akiuliza chandarua kina faida wapi, mimi ninajibu: mahali ambapo hakuna kliniki ya kukutolea kingine.

Nyar_Alego

Hamjambo ndugu zangu. Natoka Siaya, Kenya, na kuhusu taslimu watafiti wametukanyagia boma sana, kwa hivyo nina la kusema.

GiveDirectly, shirika linalogawa taslimu, walipeleka kwetu karibu dola 1,000 kwa zaidi ya nyumba 10,500, katika utafiti wa vijiji 653. Watu walijenga, walinunua mifugo. Lakini jambo kubwa ni kwamba hata majirani ambao hawakupokea walinufaika: fundi alipata kazi, mwenye duka aliuza, mwenye pikipiki alibeba. Ilikadiriwa kila dola iliyoingia ilizalisha kama dola 2.5 katika uchumi wa pale, na bei sokoni hazikupanda ila kidogo mno. Utafiti wa mapema zaidi kule Rarieda, Siaya hiyo hiyo, haukuona pesa zikiongezeka kwenye pombe wala sigara, na hilo ndilo swali la kwanza la kila mtu akisikia "wape pesa".

Tumaini, kuna jambo moja la Rarieda litakusaidia. Waliopewa kwa mkupuo mmoja walielekea kununua vitu vya kudumu, mfano mabati. Waliopewa kidogo kidogo kila mwezi, hali yao ya chakula ndiyo iliyoimarika zaidi. Hakuna njia mbaya hapo, lakini hayo ni malengo mawili. Laki tatu ya kila mwezi kwa familia moja itakuwa unga na mafuta. Mkiikusanya miezi minne kisha mkampa mtu mara moja, ni mtaji au paa. Amueni kwanza mnataka nini, na huyo mtu aambiwe mapema pesa inaisha lini, asije akapanga maisha juu ya kitu kitakachokatika ghafla.

Kaka wa Oslo, kumbuka pia mtu aliyepewa taslimu anaweza kununua chandarua. Aliyepewa chandarua hawezi kununua unga.

Kibaha_Oslo

Dada, anaweza, ila mara nyingi hanunui, na ndiyo sababu vyandarua vinagawiwa bure.

Nesi_Kilombero

Hapo umegusa jibu langu mwenyewe, Oslo. Umeuliza nani amepima nauli. Nauli ya POP sijui kama kuna aliyeipima, lakini kikwazo kidogo kimepimwa, tena kwenye vyandarua vyenyewe. Katika kliniki za wajawazito magharibi mwa Kenya watafiti walijaribu bei tofauti. Bei ilipotoka bure kwenda shilingi 40 za Kenya, waliochukua chandarua walipungua kwa asilimia 60 nzima. Shilingi arobaini! Na waliopewa bure hawakukitumia vibaya kuliko walionunua.

Kama shilingi 40 inamzuia mama kuchukua kitu kilicho mbele yake, elfu kumi kila wiki inamfanya nini? POP imelipiwa, fundi wa POP analipwa mshahara, chumba kipo. Bila nauli vyote hivyo vinakaa bure, na mtoto anakua na ulemavu ambao ungeisha kabla hajaanza kutambaa vizuri.

Mwl_Kasulu

Wakuu, nizungumzie shule maana ndiko niliko kila siku.

Vitabu: kuna utafiti wa Busia, Kenya, miaka ya tisini, shule zikapewa vitabu vya kiada. Wastani wa matokeo haukupanda. Walionufaika ni wale waliokuwa wanaongoza tangu mwanzo, kwa sababu vitabu vilikuwa vya Kiingereza na wengi hawakuweza kuvisoma. Nawaambia hili kwa uchungu kwa sababu naona jambo lile lile hapa mtoto akitoka darasa la saba kwa Kiswahili na kuingia kidato cha kwanza. Kumpa kitabu asichoweza kukisoma si kumsaidia.

Dawa za minyoo ni habari nyingine. Busia hiyo hiyo, shule 75, kuanzia 1998: utoro ulipungua kwa robo, na hata watoto wa shule jirani ambao hawakumeza walinufaika kwa sababu maambukizi yalipungua. Wanauchumi wamebishana sana kuhusu hesabu zile. Lakini kwenu nyie ubishi huo hauna uzito, kwa sababu dawa zenyewe zinatolewa na watengenezaji na zinafika shuleni bure. Msinunue.

Sare ndiyo inabaki. Ada iliondolewa kuanzia 2016, sare bado ni ya mzazi. Kenya walijaribu kugawa sare, na kwa watoto ambao hawakuwa nayo kabisa utoro ulipungua kwa zaidi ya nusu. Ila nisiwafiche: walipofuatiliwa miaka minane baadaye, hawakuonekana kusoma madarasa mengi kuliko wenzao. Kwa hiyo sare inamrudisha mtoto darasani mwaka huu, haimhakikishii mwakani. Kwangu mimi mwaka huu ni kitu. Asiye na sare Jumatatu mstarini anajibanza nyuma kabisa, na kufika Jumatano haji.

Mkichagua sare, msinunue Morogoro mkasafirisha. Mpeni kazi fundi cherehani wa kijiji hicho hicho, na mwalimu wa darasa ndiye ataje nani hana kabisa. Mkigawa kwa wote, wengi watakuwa na ya pili na mwenye shida atapata sawa na asiye na shida.

BinMasoud_Tanga

Assalaam alaykum. Kuna mlango mmoja haujatajwa: madeni. Katika makundi manane yanayostahili zaka, mwenye deni ni mmojawapo, na hekima yake naiona mtaani kwetu kila siku.

Kuna akina mama wa vitumbua na mama lishe walioingia kwenye mikopo ya kausha damu. Marejesho ni ya kila siku, na akikosa siku moja wanakuja kuchukua jiko na masufuria. Yule mama ana biashara, ana wateja, anaamka saa tisa usiku. Faida yote inakwenda kwa mkopeshaji. Laki moja ikimaliza deni, kesho yake faida ni ya watoto. Hujampa mtaji, umemrudishia wa kwake. Nesi amesema kipande kidogo kilichobaki. Na hiki ni kipande cha namna hiyo hiyo.

Masharti yangu ni mawili. Pesa alipwe mkopeshaji mbele ya shahidi na karatasi ya mkopo irudishwe. Na mama aingizwe kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, VICOBA au kinginecho, ili akikwama tena awe na pa kushika. Bila hilo la pili atarudi kule kule, nimeliona likitokea.

Na ndugu zangu, kabla ya kutafuta mbali angalieni jamaa. Sadaka kwa ndugu ina malipo mawili, ya sadaka na ya kuunga udugu.

Nyar_Alego

Ustadh, hapo kwa jamaa ni kweli, lakini pesa ya kikundi cha ofisi ikianza kwenda kwa jamaa wa fulani, mwezi wa tatu kikundi kitavunjika. Ya jamaa kila mtu atoe mfukoni mwake.

BinMasoud_Tanga

Umesema kweli, dada. Nakubali.

Tumaini_Moro

Wakuu nashukuru mno. Nimewasomea wenzangu ofisini leo mchana. Vyandarua vya kununua dukani tumeviacha, vitabu tumeviacha. Wawili kati yetu wameshawishika na hoja ya Mama Uvira na Oslo, watatuma ya kwao kule kwa vyandarua vya Kongo, na hakuna aliyewapinga. Iliyobaki tunataka tuanze na nauli za watoto wa miguu kifundo, kisha mwisho wa mwaka tuiangalie ya madeni.

Nesi, wasiwasi wa wenzangu ni mmoja: tutajuaje nauli imekwenda kwenye nauli? Na mama asiye na simu?

Nesi_Kilombero

Msitume kwa mtu wa katikati kama mnaweza kuepuka. Nendeni hospitali yenye kliniki ya miguu kifundo, mwombeni mwuguzi wa siku hiyo ya kliniki awaombe ridhaa akina mama wanaotoka mbali. Tumeni nauli ya kuja tu, jioni ya siku moja kabla. Akifika na POP ikabadilishwa, mwuguzi anawapa taarifa, mnatuma ya kurudi na hapo hapo mnapanga ya wiki ijayo. Asiye na simu, mara nyingi mhudumu wa afya wa kijiji chake anayo. Mtumieni huyo na muongezeeni ya kutolea, la sivyo makato yatakula nauli.

Hesabu zenu ni rahisi: mtoto aliyeanza, na mtoto aliyefikia viatu. Msihesabu nauli zilizotumwa. Na mwezi wa kwanza msichukue watoto wote ambao pesa iliyobaki inawatosha. Punguzeni mmoja, elfu sitini yake ikae, kwa sababu mvua zikianza bodaboda inapanda bei na kuna mama atapiga simu kutoka njiani. Halafu vile viatu vinavaliwa muda wote miezi mitatu, baada ya hapo usiku tu hadi mtoto afike miaka minne hivi, na vinabadilishwa kila mguu unapokua. Safari hizo za kubadilisha ndizo zinazosahaulika, ziwekeeni fungu tangu sasa.