Mama anatimiza 65, Baba ndiyo kwanza amefika: tuanzie wapi na Medicare?

binti_pongwe
Shikamooni wakubwa mlioko Marekani. Naulizia Medicare, bima ya afya ya serikali ya huku kwa wenye miaka 65 na zaidi. Mama anatimiza miaka 65 tarehe 20 Agosti. Amefanya kazi na kukatwa kodi hapa miaka 12, ana krediti zake 40 (pointi za kazi za Social Security, yaani hifadhi ya jamii), na bado yuko kwenye kituo cha kulea wazee chenye wafanyakazi 14. Ana bima ya hapo na anataka kufanya kazi hadi 67. Baba ana 67, ameingia na grini kadi mwezi uliopita. Tumeambiwa Mama asihangaike kwa sababu ana bima ya kazini, na Baba hana haki yoyote mpaka akae miaka 5. Halafu kuna wakala anampigia Mama kila siku kuhusu mpango wa Medicare Advantage (Medicare inayoendeshwa na kampuni binafsi) wa dola 0 kwa mwezi, eti una meno na miwani. Kila mwaka wanakusudia kwenda Tanga wiki 6 hadi 8. Tuchague nini?

karani_wa_bima
Marahaba. Yote mawili mliyoambiwa yana kasoro, na la Mama linaweza kuwagharimu mapema zaidi.

Mwajiri akiwa na wafanyakazi chini ya 20, anayelipa kwanza ni Medicare. Bima ya kazini inafuata. Mama asipokuwa na Sehemu B, ambayo ndiyo ya madaktari na vipimo, bima ya kazini inaweza kulipa kile kipande cha pili tu, kana kwamba Medicare imeshalipa chake. Kwa kawaida hicho cha kwanza ni asilimia 80, na kitamwangukia yeye. Watu hugundua bili ikishafika. Adhabu ya kuchelewa haimpati maadamu yuko kazini na ana bima hiyo, na hapo ndipo wengi hujidanganya kwamba wako salama.

Dirisha lake la kujiandikisha ni Mei hadi mwisho wa Novemba. Aombe kabla ya Agosti ili bima ianze Agosti 1. Sehemu A, ya kulazwa, ni bure kwake. Sehemu B kwa mwaka 2026 ni dola 202.90 kwa mwezi.

fomu_kwa_fomu
Upande wa Baba: miaka 5 ni sharti la anayejinunulia bila krediti za kazi. Baba anaingia kwa krediti za Mama. Mama ameshapita 62, ana 40, na ndoa ikiwa imetimiza mwaka mmoja, Baba anapata Sehemu A bure. Hiyo Sehemu A ndiyo inayomfungulia B, bila kungoja miaka 5.

Wekeni miadi na ofisi ya Social Security wiki hii. Bebeni cheti halisi cha ndoa, grini kadi, pasipoti na namba za Social Security za wote wawili. Mwambieni karani wazi kwamba ombi ni la mume, kupitia rekodi ya mke. Akijibu "miaka 5", ombi lipokelewe hivyohivyo na uamuzi utoke kwa maandishi. Jibu la mdomo halikatiwi rufaa. Msingoje zamu ya Mama. Baba tayari ana zaidi ya 65, dirisha lake ni jingine, naye hana bima ya kazi ya kwake ya kumkinga. Adhabu ya Sehemu B ni asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili ya kuchelewa, na huilipi mara moja ikaisha, unaishi nayo.

nesi_wa_zamu
Sasa uchaguzi wenyewe. Medicare ya kawaida (Sehemu A na B) hailipi matibabu ya Tanga, isipokuwa mkiongeza Medigap, bima ya kampuni binafsi ya kuziba mapengo yake. Mpango G au N hulipa asilimia 80 ya dharura huko nje baada ya dola 250 za kwenu, kwa siku 60 za mwanzo za safari, na kikomo ni dola 50,000 kwa maisha yote. Wiki 8 ni siku 56. Tiketi ikisogezwa wiki moja mmetoka nje ya kinga.

Medigap ina miezi 6 tangu Sehemu B ianze ambamo kampuni haiulizi sukari wala presha. Ikipita, katika majimbo mengi wanaweza kukukataa. Kwa hiyo mpango wa dola 0 sitauita mbaya, ila anayeingia akiwa mzima na kutaka kutoka ahamie Medigap baada ya miaka 3 akiwa mgonjwa anaweza kukuta mlango umefungwa. Muulizeni wakala: daktari wa Mama yumo kwenye mtandao wao? Kipimo kipi kinahitaji kibali kwanza? Kikomo cha malipo ya mfukoni ni kiasi gani? Kisheria kinaweza kufika dola 9,250 mwaka 2026.

Miezi hiyo 6 ya Mama itaanza Agosti hata kama bado yuko kazini. Akija kuacha kazi, na bima hiyo inayolipa ya pili ikakoma, ana siku 63 za kuomba baadhi ya mipango, G ikiwemo, bila maswali ya afya. Barua ya kukoma kwa bima aitunze.

Dawa: andikeni kila dawa na nguvu yake kwenye medicare.gov, mlinganishe mipango ya Sehemu D. Washauri wa SHIP, huduma ya ushauri wa Medicare ya jimbo lenu, watawasaidia bure, hawali kamisheni. Mkipiga 1-800-MEDICARE ombeni mkalimani wa Kiswahili.

binti_pongwe
Asanteni sana. Miadi ya Baba ni Jumanne.

fomu_kwa_fomu
Vizuri. Na kwa wengine wanaosoma, hasa ambao wazee wao waliandikiwa kuwa wamezaliwa Januari 1 kwenye kambi ya wakimbizi: aliyezaliwa tarehe 1 huhesabiwa mwezi uliotangulia. Medicare yake inaanza Desemba 1, na dirisha linafungwa mwisho wa Machi, siyo Aprili.