Naomba ushauri: kutazama michoro ya ukutani Estepona, Hispania
Ndugu zangu, mwezi ujao nitakuwa Málaga pamoja na mama yangu, nasi tunakusudia kutenga siku moja kwa ajili ya michoro mikubwa iliyopamba kuta za majengo ya makazi mjini Estepona. Ninaoutamani zaidi ni "Día de pesca" wa José Fernández Ríos, unaomwonyesha mvuvi na mshipi wake, ambao umeenea kwenye kuta za majengo sita. Treni ya pwani kutoka Málaga huishia mji wa Fuengirola, kabla ya kufika Estepona, hivyo tutapanda basi. Hilo si tatizo. Linalonitatiza ni kwamba michoro mingi iko nje ya mji mkongwe, na magoti ya mama hayamruhusu kutembea sana. Je, tukodi teksi, au tuchague mtaa mmoja tu? Na mtu asimame wapi ili auone mchoro huo wote kwa pamoja?